Pipa la Nne

Katika chumba cha kufulia cha hoteli yetu kuna mapipa manne ya plastiki yaliyopangwa ukutani. Mimi ndiye niliyeyaandika kwa rangi: DAMU, MAFUTA, MKOJO, MAJI. Kila shuka linalotoka vyumbani hupita mikononi mwangu kwanza. Nalinyanyua dirishani, nalinusa, nalipapasa, kisha nalitia pipani mwake. Ukikosea umeliharibu. Damu ikikutana na maji ya moto haitoki tena, na mkojo usipotiwa siki harufu yake hurudi pasi ikipita. Pipa la nne ni la mashuka yaliyolowa tu, mtu katoka kuoga akajilaza na taulo. Hayo hayahitaji dawa.

Jumanne moja asubuhi msafisha vyumba alileta shuka la chumba namba kumi na nne amelifunga fundo, huku akicheka.

"Yule mama ni kikojozi," alisema. "Mtu mzima na wanja wake!"

Mama Pacha, ninayefanya naye kazi, akadakia akiwa kwenye pasi: "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, aibu ya shuka aijuaye dobi. Tia la tatu hilo, litatutia nuksi."

Nililipeleka dirishani. Palikuwa na duara pana katikati, limeanza kukauka, halina ukingo wa njano. Harufu ilikuwa hafifu mno. Nililitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Nikalitia pipa la tatu, nikacheka pamoja nao.

Niliachwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mume wangu alivumilia miezi saba. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa kijana, nami binti, na hapakuwa na mtu aliyetwambia lolote. Jambo lenyewe la kulowesha shuka halikutokea kila mara. Lilitokea zile siku tulizopatana, tukacheka, siku ambazo mimi mwenyewe nilifurahi hasa. Hapo ndipo paliponiuma, kwamba furaha yangu ndiyo iliyonifedhehesha. Mara ya mwisho aliwasha taa, akalitazama godoro, akasema, "Kumbe nimeoa mtoto." Asubuhi akamwita shangazi yangu.

Shangazi alinivuta pembeni. "Mwanangu, kibofu kibovu hakina dawa. Kaa kwako, fanya kazi yako, usijitie aibu mara mbili."

Nikakaa kwangu. Nina chumba cha kupanga, kitanda, kiti kimoja, na godoro nililolifunika nailoni. Ukijigeuza, nailoni hulia, nawe unakumbuka. Kwa miaka yote hiyo sikulowesha kitu hata siku moja, wala sikujiuliza ni kikojozi gani huyu asiyekojoa akilala peke yake. Mimi ninayepekua madoa ya watu, langu sikuwahi kulipeleka dirishani.

Ila wakati shuka la chumba kumi na nne linaletwa, nilikuwa nadaiwa jibu. Fundi wa boila la maji ya moto hotelini, mtu mpole aliyefiwa na mke, alikuwa ameniambia uani: "Dada, mimi si mtu wa maneno mengi. Nataka tuoane. Fikiri, ila usinizeeshe." Nilikuwa nimetayarisha jibu la hapana. Baada ya lile shuka nikaona nisilitoe kabla ya kuuliza.

Zahanati nilimkuta muuguzi mtu mzima, miwani imemshuka puani.

"Mkojo unakutoka ukicheka? Ukikohoa? Ukibeba ndoo?"

"Hapana."

"Ukilala?"

"Hapana."

"Sasa lini, mama?"

Nikatazama sakafu. "Nilipokuwa na mume."

"Ukifurahi?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu. Niliitikia kwa kichwa.

Akageuza karatasi ya dawa, akachora. Mwanamke, alisema, ana vitezi vidogo kandokando ya mrija wa mkojo, ndugu wa ile tezi ya wanaume. Kwa baadhi ya wanawake, raha ikifika kileleni, vitezi hivyo hutoa majimaji kidogo, meupe kama maziwa yaliyochujwa. Wengine hutokwa na maji mengi, maangavu. Wako wanaotokwa na yote mawili, na wengi hawaoni kitu, nao ni wazima vilevile.

"Kwa hiyo hayo mengi si mkojo?" Nilitaka aseme si mkojo. Nilitaka hilo kuliko kitu chochote.

Akavua miwani. "Sitakudanganya. Wataalamu waliopima wanasema mengi yake hutoka kwenye kibofu, yamezimuliwa, mara nyingi yamechanganyika na ya vile vitezi. Bado wanabishana. Lakini si ugonjwa, na si kushindwa kujizuia. Wewe huna kasoro."

"Na watu je?"

"Inategemea umemuuliza nani. Kuna wanaoita laana. Kuna wanaowafundisha vijana wao kwamba mke asipotoa maji, mume hajaijua kazi. Basi na hao wanawasumbua wake zao wasio nayo, na hao wake wanakuja hapa kulia kwenye kiti hichohicho. Maji ni yaleyale, mama. Majina ndiyo mengi."

Nilirudi kwa miguu. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na njia nzima sikupata wa kumpa. Shangazi alikwisha fariki. Aliyekuwa mume wangu ana watoto wanne. Ningemwendea na karatasi ya dawa?

Siku ya tatu nilimfuata fundi uani, wakati wa mapumziko, nikamweleza vile nilivyoelezwa, bila kupunguza wala kuongeza. Alisikiliza huku anaifuta na kuifuta tena spana moja.

"Mimi nilidhani utaniambia una mume mahali," alisema.

"Sina."

"Na huumwi?"

"Siumwi."

Akaitia spana mfukoni. "Marehemu hakuwa hivyo."

"Najua si wote."

"Nitakuja Jumapili, tuongee vizuri."

Nilifagia, nikaazima kiti cha pili kwa jirani, nikachemsha chai. Nikaikodolea nailoni macho, nikaivua godoroni, nikaikunja nikaiweka nje kwenye pipa la taka. Fundi hakuja Jumapili ile wala iliyofuata. Kazini alinisalimia kama kawaida, ila haraka, na maji ya moto hayakukatika hata siku moja. Simlaumu. Jambo lililonichukua mimi miaka kumi na mmoja, nimtake yeye alielewe kwa siku chache? Kiti nilikirudisha. Usiku wa kwanza bila nailoni godoro lilikuwa kimya nilipojigeuza, na kimya chenyewe kikaniamsha.

Wiki iliyofuata likaja shuka jingine, chumba kingine, na fundo lilelile, na kicheko kilekile. Nililipeleka dirishani, nikachukua muda wangu. Nikalitia pipa la nne.

"Dada, umekosea pipa," alisema Mama Pacha.

"Sijakosea."

"Hilo si la kikojozi?"

"Linuse."

Akalichukua, akalinusa, akalinusa tena. "Mbona halinuki?"

"Ndiyo hivyo."

"Sasa ni nini?"

MAJI si kweli kabisa, najua. Lakini kati ya majina manne niliyonayo ukutani, ndilo lililo karibu zaidi na kweli.

"Kuna mtu alifurahi," nilisema.

Nilimngoja acheke. Mama Pacha ana maneno kwa kila kitu. Safari hii alizima pasi, akasukuma mlango kwa mguu ukafungika, akabaki ameshika lile shuka, haniangalii.

"Wewe umejuaje?" aliuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikamwambia akae.