Ndege ya Mlingoti wa Mkonge

"Hii ni ndege au kofia?" aliuliza Mzee Nehemia, akiigeuzageuza ile ndege ndogo ya kivita, ya kuchonga, kama mtu anayechagua papai sokoni.

Mwatumu alicheka kwa aibu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani kwa mzee, kule Pongwe, nje kidogo ya Tanga, kikapu kitupu miguuni pake.

"Nimekosea wapi, mzee?"

"Sikwambii."

"Sasa nitajuaje?"

"Shauri yako. Mimi niliapa, mwanangu. Niliapa sitasema ilivyokuwa." Akamrudishia ndege yake. "Lakini kusema haikuwa hivi, hilo sikuliapia."

Mkewe, Mama Bibiana, alikuwa akichambua mchicha pembeni. Akaguna. "Huyo! Mimi mwenyewe alinioa nikidhani ni mpishi wa kambini. Siku moja nikamwambia akaange samaki, ndipo nilipojua nimedanganywa."

Mzee alikuwa amewahi kuwa fundi wa ndege za kivita, yeye na rafiki yake Uweso, babake Mwatumu, na siri za jeshi alizitunza kama wengine wanavyotunza hati ya kiwanja.

Uweso alikuwa mjini, Ngamiani, nyumbani kwa bintiye. Kumbukumbu zilimtoka moja moja, bila kelele. Kila asubuhi alivaa viatu, akaelekea mlangoni na kuuliza, "Ndege yangu iko wapi?" Mwatumu alimshika mkono, akamrudisha kitandani, naye mzee akamshukuru kwa heshima zote: "Ahsante sana, bibi. Wewe mtoto wa nani?" Kusahauliwa angekuvumilia. Ile heshima ndiyo iliyomchoma, maana baba hamheshimu binti yake namna ile. Alitaka kitu kimoja tu katika dunia nzima: aitwe Mwatumu, kama zamani, hata kwa kukaripiwa.

Ndipo akajiambia kwamba ndege ikirudi, na baba atarudi nayo.

Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile za vitobo, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipata mlingoti mkavu wa mkonge, ule unaobaki shambani mmea ukishakufa, akauchonga kwa kisu cha jikoni. Ribiti za mabawa, ile misumari ya kushikia bati, alizichoma kwa sindano ya kofia, kitobo baada ya kitobo. Tatizo likawa picha. Kwenye simu zilijaa, ila ni za nchi za watu, na zote alizozipata zimepigwa upande wa kushoto. Za kwetu hazikuwapo, maana kambini kamera ilikuwa mwiko. Kwenye sanduku la babake ilikuwamo moja tu. Mafundi wamepanga mstari mbele ya ukuta mweupe, vijana tupu, na wote wanatazama kwa mapenzi kitu kilicho nyuma ya mpiga picha. Aliitazama sana ile picha. Alitamani kumgeuza yule mpiga picha.

Basi akafanya kama anavyoshona. Kofia haina ujanja, ulichokiweka kushoto unakiweka na kulia. Puani mwa ndege, kushoto, kwenye picha za simu aliona mitutu miwili ya bunduki. Akaweka na kulia miwili, ndiyo ile mzee aliyoiita kofia.

Alirudi Pongwe akiwa ameing'oa yote ya kulia.

"Hapana," alisema Mzee Nehemia.

Akarudi na mmoja, mwembamba.

"Hapana." Lakini hapana hii ilichelewa kidogo kutoka, na Mwatumu akaondoka nayo hadi mjini akiitafuna.

Siku zile aliishi nusu usingizini. Joto la mchana likishaulaza mtaa, naye husinzia na kofia mapajani, vitobo vikamgeukia ribiti, kitambaa kikawa bawa pana lenye kivuli, na chini ya kivuli babake kijana akipita na spana mkononi, akipiga mluzi. Humwita. Yule kijana hugeuka, akawa anatafuta sauti inatoka wapi, na hapo Mwatumu huzinduka, uzi umemtoka kwenye sindano.

Safari iliyofuata alipeleka ndege yenye mtutu mmoja kulia, mnene, mrefu. Mzee Nehemia aliipokea. Akaikalisha magotini. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Bibiana," alisema hatimaye, "nyumba hii siku hizi haina chai?"

Mwatumu akaelewa: safari hii hapana haikuja. Machozi yalimtoka palepale, na mzee, kwa kumsitiri, akageuka kutazama barabara.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, alimwogesha babake, akamvika kanzu safi, akamweka kitandani na mto mgongoni. Kisha akampakatisha ndege.

Vidole vya Uweso vilikwenda vyenyewe: puani, upande wa kulia, kisha chini ya bawa, vikakaa hapo. Ghafla akavuta shuka, akaifunika ndege yote, akainua macho. Yalikuwa makali. Mwatumu hakuwa ameyaona macho hayo kwa miaka.

"Nani kakuruhusu kuiona hii?"

"Baba, ni mimi. Mwatumu."

"Simjui Mwatumu. Raia haruhusiwi humu. Toka!"

Alitoka. Alisimama ukumbini ameegemea ukuta, akajiona mjinga kuliko wajinga wote wa Tanga. Ndege, baba alikuwa ameitambua. Yeye ndiye aliyefukuzwa. Alitaka kurudi amlilie, amwambie mimi ndiye niliyeichonga, mimi ndiye mwanao. Lakini kupitia upenyo wa mlango alimwona mzee ameketi wima, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu ya shuka, mzima kabisa, analinda. Alimpenda mno wakati ule, hata hamu ya kuitwa jina ikamtoka moyoni. Akajifuta uso kwa mtandio. Akagonga mlango.

"Nani?"

"Fundi mpya, afande. Nimeletwa kwako."

"Mbona umechelewa? Ingia. Funga mlango."

Aliufunga. Mzee akasogea, akampa nafasi ukingoni mwa kitanda, akaifunua ndege taratibu.

"Washa taa, lete karibu. Karibu zaidi." Akamshika mkono, akaupeleka chini ya bawa. "Hapa ndipo panapovuja. Wengine hawapaoni. Weka kidole. Unasikia?"

Mti ulikuwa mkavu, mwepesi, na kiganja cha babake juu ya mkono wake kilikuwa cha moto.

"Nasikia, afande," alisema Mwatumu.