Sinia la Walimu

Awiti alijua kupika, na asiyekubali hilo aende akapike mwenyewe. Lakini kila mchana, katika ile shule ya Wandegeya, alisimama na upawa mkononi akiwatazama watoto wakichokoa majani ya dodo kwenye maharage kama wanaotoa mdudu. Posho, ndiyo ugali wa huko, ikaishia kwenye ndoo ya nguruwe, wao mbio getini kwa muuza chipsi. Kamati ya wazazi ilikuwa imeshamwambia: muhula ukiisha na ndoo bado inajaa, jiko litafungwa, na huyo wa chipsi ataingizwa ndani.

Kilichomuuma zaidi ni Vera, bintiye wa darasa la nne. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mtoto uliyemzaa akukunjie pua mbele za watu? Awiti alitia karanga kwenye maharage, akakaanga vitunguu. Hata posho akailainisha, yeye ambaye kwao Siaya ugali laini huitwa uji. Wapi.

Jioni moja wakisugua masufuria, akamuuliza.

"Vera, hii chakula yangu iko na makosa gani?"

"Haina makosa, mama. Lakini hii ni ya watoto. Ile nzuri unapelekea walimu."

"Walimu ni wakubwa."

"Sasa kama dodo ni mzuri, mbona wao hawakuli?"

Awiti alilelewa kwamba mkubwa hupakuliwa kwanza na chake hufunikwa, na mwanamke asiyejua hilo hakufunzwa na mamaye. Basi kila siku, kabla ya kengele, alipitisha mbele ya foleni sinia la walimu, matoke na nyama chini ya kitambaa cheupe, harufu ikiwapita watoto puani. Yeye alidhani ni heshima. Kumbe ndivyo alivyokuwa akiwafundisha watoto kwamba chao ni cha mtu duni. Usiku huo alijionea haya, na aliwahurumia.

Kesho yake sinia halikutoka. Kengele ikalia, na Mwalimu Mkuu Opoka, Mwacholi mrefu aliyewahi kuwa polisi na bado alitembea kama yuko gwaride, akaja mwenyewe mpaka mlangoni mwa jiko.

"Mama Vera, chakula yangu iko wapi?"

"Iko kwa laini ya watoto, Mwalimu." Maji yameshamwagika, hayazoleki. "Leo sufuria ni moja. Mimi nimekuwa naonyesha watoto kwamba dodo ni ya mtu mdogo. Makosa ni yangu."

Opoka akamtazama, akaitazama foleni. Awiti alikwisha kujiona akikunja aproni yake. Kisha yule mzee akachukua sahani, akaenda kusimama nyuma ya kitoto cha darasa la kwanza, na walimu wengine wakafuata shingo upande.

Opoka alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakigonga meza, akala. Watoto walimwangalia mdomoni.

"Mama yangu alikuwa anapika majani namna hii, na simsim," alisema. "Ongeza dodo, Mama Vera."

Usidhani mambo yaligeuka siku hiyo hiyo. Wakaidi waliendelea kukimbilia getini, na Vera akiwa mbele yao. Lakini Opoka alipanga foleni kila siku, sinia halikurudi, na Awiti akaanza kutia simsim kwenye dodo. Ndoo ya nguruwe ikawa inapungua, mpaka mwenye nguruwe akaja kulalamika.

Wiki ya mwisho ya muhula Vera alichelewa michezoni. Alipofika, jasho likimtiririka, alinyoosha sahani.

"Mama, yangu?"

Awiti aliinamisha sufuria amwonyeshe. Ilikuwa imekombwa.

"Imeisha."

"Hata dodo?"

"Hata dodo."

Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka, machozi yakamlenga. Awiti akaketi kwenye kigoda akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Tangu amzae mtoto huyo, hakuwahi kufurahi hivyo kwa kukosa cha kumpa.