Kungumanga ya Stambuli

Mwanangu Stambuli alikuwa na miezi mitano na usingizi wa mchana hakuujua. Usiku alilala kama watoto wa wenzangu, lakini jua likishapanda, ukimlaza tu, analia mpaka jirani anatugongea ukuta. Nilimwogesha, nikamkanda mafuta ya nazi, nikamwimbia, nikamzungusha ua mzima. Wapi.

Mtoto kulia si msiba. Msiba wetu ulikuwa chumba kimoja. Mume wangu, Shee, aliendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo ya makontena kule bandarini Kipevu, zamu ya usiku, na mchana ndio uliokuwa usiku wake. Asubuhi moja alirudi nyumbani Chaani, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akaniambia alisinzia kazini na vyuma vya foklifti vikasimama shibiri moja kutoka mguu wa mwenzake, Kioko.

"Siku nyingine nitaua mtu, Mwanaima," alisema. Nilimwamini, nikaogopa.

Mama yake, Bi Kulthum, alikaa chumba cha pili, ukuta mmoja na wetu, na dawa alikuwa nayo: kungumanga, kokwa ile ya kutilia pilau. Unaisugua juu ya jiwe la liwa, unaizimua kwa maziwa ya kifua, unampa mtoto kwa ncha ya kijiko.

"Mara tatu tu, mwanangu," alinambia. "Wangu wote saba wamelala kwayo, na huyo mumeo mmoja wao."

"La, mama. Kliniki wametukataza. Mwanangu hataleweshwa na mtu."

Nilimjibu hivyo uani, mbele ya majirani, sauti juu. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilitaka aonekane mshamba. Bi Kulthum alikunja midomo.

"Haya. Mwenye mwana ni wewe."

Siku mbili hatukusemezana ila salamu.

Siku ya tatu Shee alirudi macho mekundu, na Stambuli akaanza. Kufika saa nne nikamkuta mume wangu ameegemea ukuta, kajiziba masikio kwa mto, machozi yanamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona Shee akilia, hata alipozikwa baba yake. Bi Kulthum alikuwa uani akifua. Niliingia chumbani mwake, nikachukua jiwe na kungumanga, nikasugua mara tatu kama alivyosema. Nilihesabu. Nikamlambisha mtoto, halafu nikaliosha jiwe na kulirudisha mahali pake, maana baada ya maneno yote yale ningemwambia nini?

Mtoto hakulala papo hapo. Alikuwa bado ananung'unika Bi Kulthum alipokuja kusimama mlangoni.

"Nipe nimbembeleze, nenda kapike."

Nikampa, na moyoni nikashukuru kwamba amenisamehe. Nilipotoka jikoni Stambuli alikuwa amelala fofofo, na baba yake vilevile.

Kimya kile nilikifurahia, sifichi. Nilikula chakula cha moto kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikafua nepi, nikasali adhuhuri, nikajinyoosha mkekani. Alasiri nikaenda kumnyonyesha, hakufungua kinywa. Nikamwita. Nikampuliza usoni. Nikambinya kidole cha mguu, mguu haukujivuta. Mashavu yalikuwa ya moto na midomo imekauka.

Nilikimbia hadi zahanati bila buibui, Bi Kulthum nyuma yangu na pumu yake. Shee tulimwacha amelala.

Muuguzi, Sista Rispa, alimfunua mtoto jicho, akamsikiliza kifua.

"Amepewa nini huyu?"

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanitazama. Wallahi tulinyamaza, sote wawili, na mtoto yuko pale mezani.

"Mama zangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimtibu vipi kama hamsemi?"

"Kungumanga," nilisema. "Mara tatu. Nimempa mimi."

Bi Kulthum alishika ukingo wa meza.

"Wewe? Na mimi nimempa, ulipokuwa jikoni. Nilijua hutaki, nikaona nimfanyie mwanangu apate kulala. Jiwe nalilikuta lina maji, nikadhani ni mimi niliyeliosha."

Sista Rispa hakutugombeza. Alimwita daktari, wakamtia mtoto maji ya mshipani, nasi tukaambiwa tungoje kwenye benchi. Jua lilipokaribia kuzama Shee alikuja, majirani wamemwelekeza, uso wake umenyooka kama wa bwana harusi.

"Leo nimelala, alhamdulillahi," alianza. "Tangu azaliwe sijalala hivi." Kisha akatuona nyuso zetu, akauliza mtoto yuko wapi.

Stambuli alilia baada ya isha. Alilia usiku kucha, na hakuna aliyemnyamazisha.

Sasa Shee analala mchana kwa ndugu yake Idarus, huko Magongo. Jambo dogo hilo, na hakuna kati yetu aliyelifikiria mapema. Stambuli naye siku hizi mchana hulala mwenyewe, saa nzima, pengine mbili. Mimi ndiye nisiyelala. Kila akifumba macho namwendea, nimwekee kidole chini ya pua.

Juzi nilitoka kuteka maji, nikaingia polepole nisimwamshe. Chumbani giza, nimefunga dirisha. Nikainama, nikapeleka kidole, kikakuta kidole kingine pale pale. Bi Kulthum alikuwa amechutama upande wa pili wa kitanda.

"Yuwapumua," alisema.

Nikakaa chini kando yake, tukamngojea mpaka alipoamka.