Maswali Matatu Majini

Orodha ya vipimo vya kanzu ilimfikia mshonaji Pindo Jumatatu asubuhi, watu kumi na mmoja kwa mwandiko wa katibu wa kanisa, na kaka yake hakuwemo. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, kitambaa cheupe cha kanzu za ubatizo kimemjaa mapajani. Akaisoma tena kutoka chini kwenda juu, kana kwamba mtu anaweza kujificha kwenye orodha ya watu kumi na mmoja. Hakuwemo.

Katibu huyo mtaa mzima ulimwita Nukta. Ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo, na ndiye aliyewasikiliza wanafunzi wakiikariri Kanuni ya Imani kwa ghibu. Ukiruka neno, umeanguka. Ukimtaja Pilato kabla ya zamu yake, umeanguka. Kaka yake Pindo alikuwa ameanguka mara ya tatu.

Na kaka mwenyewe ni nani? Ni mwashi. Lile birika la ubatizo wanaloringia alilijenga yeye kwa mikono yake: ngazi nne za kushuka, vigae vya buluu, sakafu iliyoinama kidogo ili maji yasituame. Enzi hizo hakuwa mtu wa ibada. Alikuwa akisema yeye na Mungu wanasalimiana kwa mbali. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwondolea nguvu za upande wa kulia na maneno karibu yote. Akili ilibaki nzima. Katika miezi ile ya kulala akitazama dari, alianza kunyoosha kidole kuelekea kanisani, mpaka wakamwelewa. Daktari aliwaambia bila kuficha kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote. Alichotaka mwashi kabla hakijaja kilikuwa kimoja tu, kuzishuka zile ngazi nne na kubatizwa. Na mtu huyo, ambaye kuomba maji ya kunywa kulimtoa jasho, ndiye ambaye Nukta alimtaka aikariri kanuni nzima bila kukwama.

Damu ilimchemka Pindo. Aliiacha sindano imezama kwenye kitambaa, akalitoa daftari lake kwenye droo ya mikasi. Masomo yote alikuwa amekaa kando ya kaka yake akimwandikia, maana mkono wa kuandikia ndio uliokufa. Alifungua somo la nne, akalisoma, akacheka peke yake kicheko kisicho na furaha hata chembe. Kisha akavaa viatu.

Ofisini aliwakuta Nukta na mchungaji. Mchungaji alikuwa mtu mwema, ila alimwogopa katibu wake kama mkwe. Pindo alisalimia, akaulizwa za nyumbani, akajibu nzuri, kwa kuwa adabu ni adabu hata ukiwa umekuja kugombana. Halafu akauliza kaka yake amekosa nini.

Nukta alieleza kwa upole wa mtu mwenye funguo. Imani hukiriwa kwa kinywa, alisema, na kanuni ile wahenga wa imani waliilipia kwa machozi. Haiwezi kupunguzwa kama suruali.

"Utaratibu ni utaratibu, mama," akamalizia. "Tukimlegezea mmoja, kesho kila mtu atakuja na sababu zake."

"Kaka yangu hana sababu. Ana kiharusi."

Mchungaji alikohoa. Pindo akaliweka daftari mbele yake, akamwomba asome somo la nne kwa sauti, na asiruke neno, kwani hapa kuruka neno ni kuanguka.

Mchungaji akasoma. Kwamba Wakristo wa mwanzo hawakuanza na kanuni ndefu ya kukariri. Kwamba mtu alisimama majini akaulizwa maswali matatu, juu ya Baba, juu ya Mwana, juu ya Roho Mtakatifu na Kanisa takatifu, na kila alipojibu kuwa anaamini, alizamishwa. Kwamba kutokana na maswali hayo kanuni zilikua polepole, na maaskofu walipokutana kubishana Kristo ni nani hasa, waliongeza maneno ili kuufunga ubishi. Pembeni Pindo alikuwa ameandika: *Mwalimu amesema hili ndilo la kulishika.* Siku ile Nukta alilifundisha kwa madaha, miwani imepanda kwenye paji la uso. Mganga hajigangi, kweli.

"Hiyo ni historia," alisema Nukta.

"Historia ya nani? Ya majirani?" Pindo aliuliza. "Umetufundisha kwamba ilianza kwa kumuuliza mtu na kumsubiri ajibu. Kaka yangu anaweza kujibu. Wewe ndiye usiyeweza kusubiri."

Kisha akatoa vidonge vilivyobaki: kanzu zote ziko kwake, hakuna iliyokunjwa pindo, na asiposhona ya kumi na mbili hatashona hata moja, wabatizwe na suti zao. Mchungaji alimtazama katibu, akalitazama daftari, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale akatoa uamuzi bila kumuuliza mtu. Mwashi ataulizwa majini, kama zamani. Yeye atamshika, na katibu atasimama ukingoni kuyasoma maswali, maana somo ni lake.

Jumapili kaka yake Pindo aliingia majini wa mwisho. Ngazi nne zilimchukua muda mrefu, mchungaji akimkumbatia asianguke. Nukta alisimama juu ya vigae vya buluu, viatu vimeng'aa, daftari la Pindo mkononi.

Je, unamwamini Mungu Baba? Shingo ya mwashi ilikaza, midomo ikahangaika. Watu wakasubiri. "Naamini." Akazamishwa, akaibuka. Je, unamwamini Mwana, aliyekufa na kufufuka? Safari hii ilichelewa zaidi, lakini ilikuja. "Naamini."

Je, unamwamini Roho Mtakatifu, na Kanisa takatifu?

"Roho, naamini," alisema. "Kanisa..."

Pindo alidhani neno limepotea. Halikupotea. Mwashi aliinua mkono wake mzima, akamwelekezea kidole mtu aliyemwangusha mara tatu.

"Shuka," alisema.

Kanisa lote lilisikia. Nukta aligeuka kumtazama mchungaji, lakini mchungaji alikuwa ameelemewa na uzito, hana la kumsaidia. Nukta akaliweka daftari chini. Akashuka ngazi ya kwanza na viatu vyake, ya pili, ya tatu, ya nne, maji yakamfika kiunoni, akaushika ule mkono uliokufa akautia begani kwake.

"Naamini," alisema mwashi, na wote wawili wakamzamisha.

Pindo alilia, sitaki kumsingizia ugumu. Lakini hasira ilikuwa bado ipo, imekaa palepale ilipokaa Jumatatu. Yeye ndiye aliyegawa taulo mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Alimfunika kaka yake, akamkalisha kwenye kiti. Nyuma akaja Nukta, suti inachuruzika, viatu vinalia kwa maji, akanyoosha mkono. Ilikuwa imebaki taulo moja. Pindo alimtazama kwa muda unaotosha kuikariri Kanuni ya Imani yote bila kuruka neno, kisha ndipo akampa.