Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Mambo yaliharibika Jumatatu ya Pasaka, meneja wa shirika la ndege, aliyekuja kwa gari na tai shingoni, alipoileta Mbamba Bay ndege yake iliyosemwa kila mahali kuwa si salama. Damiano alikwisha kufiwa na mke kwenye boti ambayo wakubwa waliapa ni nzima, na sasa bintiye Rosina alikuwa anataka kuipanda ndege hiyo.

"Shikamoo baba. Mimi naiamini, nairusha kila siku," rubani alimwambia.

"Marahaba. Wewe unatafuta ugali wako, mwanangu. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Mwenye pombe si yule mwenye tai?"

Rubani akatabasamu, akafungua mlango. "Bosi, karibu kiti cha mbele."

Meneja akasema anawahi kikao Mbinga, akapanda gari.

Rosina akashusha begi lake. Mpaka leo hakuna aliyejibu: kikao gani hicho, siku ya sikukuu?