Kaa, Mzee, Kaa

Khatib alikuwa na miaka arubaini na miwili, na goti lake la kulia lilikuwa na miaka sabini. Hayo aliyasema mkewe Jokha. Mwenyewe Khatib alishikilia kuwa goti ni zima, ila baridi ya Birmingham hailipendi.

Siku za kazi alipakia vyuma kiwandani. Jumapili asubuhi alikuwa mtu mwingine. Wanaume wa Afrika Mashariki waliokaa mtaa wa Sparkbrook walikuwa na timu yao, na tangu ilipoundwa, miaka sita nyuma, katikati ya timu hiyo alisimama Khatib. Yeye ndiye aliyegawa mipira. Hakuwa na mbio hata ujanani, alipokuwa akicheza Mnazi Mmoja kule Unguja, lakini jicho lake liliuona upenyo kabla haujafunguka, na mguu wake uliutia mpira humo kama mtu atiaye uzi kwenye tundu la sindano. Kila mpira ulipitia kwake. Na wakati wa mapumziko, mwenzao Idarous alipokata machungwa, kipande cha kwanza kilikuwa cha Khatib. Hakuna aliyeipanga desturi hiyo, wala hakuna aliyewahi kuivunja.

Basi mwaka wa sabini na moja, majani yalipoanza kupukutika, akaja Gurnam.

Alikuwa kijana wa Kisumu, Kalasinga, miaka ishirini na miwili, nywele kazifunga kwa kitambaa cheusi. Siku ya kwanza alimpa kila mtu mkono, akaubeba mfuko wa mipira bila kuombwa. Kisha akaingia uwanjani, akakimbia kama anayefukuzwa na nyuki.

"Huyu atacheza katikati," alisema Idarous. Idarous alikuwa na duka la viungo Ladypool Road, na timu ilikuwa chini yake.

"Katikati ipi?" Khatib akauliza.

"Ubavuni mwako, Bwana Khatib. Akusaidie."

"Kwani mimi nimelalamika?"

Mechi ya tatu ndipo jambo lilipomwingia moyoni likagoma kutoka. Kila alipoinua mguu kuufuata mpira, kijana alimpigia kelele mbele ya watu wote: "Kaa, mzee! Kaa!" Kisha akaukimbilia yeye. Wakati wa mapumziko, Idarous akachukua kipande cha kwanza cha chungwa, akampa Gurnam.

Khatib alirudi nyumbani. Jokha alikuwa amekwisha kupasha kitambaa juu ya hita ya mafuta ya taa, kama alivyofanya kila Jumapili. Akamkunjia suruali, akamkanda goti.

"Ananiambia nikae," Khatib akasema. "Mtoto wa juzi! Ati mzee, kaa! Nikae kitako, nimpishe yeye."

"Pengine anakuonea huruma."

"Huruma yake nitaipeleka wapi? Ngoma ya watoto haikeshi."

"Na yako imekesha, bwana. Sasa kunapambazuka." Lakini mkono wake haukuacha kulikanda goti, na alikanda taratibu.

Tangu siku ile Khatib akawa mlinzi wa sifa za mwenziwe. Alijua nani kampiga Gurnam kofi la bega, na nani kamcheka kwa furaha. Hata kituo cha basi alipomwona kijana akimshikia bibi mmoja kikapu, alijiambia, "Anataka aonekane." Wivu ukimwingia mtu, hata wema wa mwenzake huuona ni hila.

Ikafika nusu fainali ya kombe. Siku ya Ijumaa Idarous akamwambia Khatib, kwa kuwa yeye na Gurnam hupanda basi moja: "Mwambie kijana tunacheza uwanja wetu huu huu, Jumapili saa nne."

Jioni ile walikutana kituoni.

"Jumapili tunacheza wapi, mzee?" Gurnam akauliza.

"Hodge Hill," akasema Khatib. "Saa nne."

"Hodge Hill? Mbali hivyo?"

"Ndivyo walivyosema."

Ulimi ulitangulia, akili ikafuata. Kijana alishukuru, akaenda zake, na mpaka kwenye kona ilikuwa ni hatua hamsini nzima. Khatib angeweza kumwita. Alimtazama mpaka akapinda.

Jumapili mvua ilinyesha. Gurnam hakuonekana, na Khatib akawa na uwanja wake tena. Nusu ya kwanza ilikuwa tamu. Alitoa pasi mbili, yakawa mabao mawili, na chungwa likamjia la kwanza. Alilila, lakini lilikuwa chachu kuliko alivyolikumbuka.

Nusu ya pili goti likadai haki yake. Mipira ikampita kushoto, ikampita kulia, naye anaifuata kama mtu anayekimbilia basi lililokwisha ondoka. Mabao mawili yakarudi. Refa akapuliza, sare, mechi irudiwe Jumapili ijayo.

"Huyu kijana katuangusha," Idarous akasema, maji yakimchuruzika usoni. "Mechi ya kurudia simtaki."

Khatib alikuwa akifungua viatu. Aliendelea kufungua viatu.

Alasiri mlango ukagongwa. Jokha akafungua, akamkuta Gurnam na chupa mkononi.

"Karibu, mwanangu. Kaa." Jokha akamwonyesha kiti, akaenda jikoni kutazama chai.

Aliporudi, kijana alikuwa amesimama wima pale pale penye mkeka wa mlangoni.

"Mbona umesimama kama mlingoti? Nimekwambia kaa."

"Nimekaa, mama."

"Umekaa wapi, na umesimama?"

Gurnam akatazama miguu yake, kama aliyedhani imemfanyia kosa. "Umesema kaa. Nikakaa hapa hapa nilipo. Kama ni kiti, kwetu Kisumu ungesema keti."

Jokha akacheka mpaka akashika mlango. "Ati keti! Basi keti, mwanangu, kabla chai haijapoa!"

Khatib hakucheka. Alikuwa amelaza goti juu ya mto, na maneno yale yalimwingia polepole.

"Na uwanjani?" akauliza. "Unaponiambia nikae?"

"Si ukae katikati, mzee! Usiufuate mpira. Mimi nitaukimbilia, nikuletee." Gurnam sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti. "Mbio ninazo, lakini nikiupata mpira sijui niupeleke wapi. Wewe unajua. Ukikaa, unaweza kutuchezea miaka mingine mitatu."

Kisha akaiweka chupa mezani. "Haya ni mafuta ya haradali. Mama yangu ameyapasha. Nimesikia leo goti lilikusumbua. Na pole, mzee, mimi nilikwenda Hodge Hill. Nilingoja saa mbili nzima, hakuna mtu. Lazima nilisikia vibaya. Uniombee msamaha kwa Bwana Idarous."

Khatib aliitazama chupa. Ilikuwa imezungushiwa kitambaa isipoteze moto njiani.

"Hukusikia vibaya," akasema. "Nilikwambia Hodge Hill, nami najua si Hodge Hill."

Jokha akaweka kikombe chini. Mvua ilisikika dirishani.

"Kwa nini?" akauliza Gurnam.

Khatib alitafuta jibu la mtu mzima, hakulipata. "Kwa ajili ya kipande cha chungwa," akasema.

Kijana akasimama. Hakupiga kelele, wala hakuichukua tena ile chupa. "Asante kwa chai, mama," akasema, naye hakuwa ameinywa. Akatoka.

"Nenda kwa Idarous," Jokha akasema.

"Goti..."

"Goti ulilo nalo ndilo utakalokwenda nalo."

Akaenda akichechemea, akamkuta Idarous akifunga duka. Akamweleza yote, hakujipunguzia. Idarous akafuta mizani iliyokuwa safi tayari.

"Gurnam atacheza," akasema. "Kuhusu wewe, kamwulize yeye. Akikukataa, nami nimekukataa."

Siku tatu kijana alipanda basi la mapema. Siku ya nne Khatib naye aliamka mapema, akamkuta kituoni. Walisimama bega kwa bega kama watu wasiojuana.

"Idarous kaniambia," akasema Gurnam, macho barabarani. Kisha, basi lilipotokea: "Utakaa?"

"Nitakaa."

Na Jumapili akakaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia. Mpira ulipita hatua tano kando yake, naye akauacha, na Gurnam akaufuata, akaunyang'anya, akamletea. Khatib hakuwa na haja ya kuinua macho. Aliupeleka ubavuni, ukarudi, akaupeleka kati ya mabeki wawili waliokuwa wakigombana nani amkabe nani. Gurnam akawa keshafika. Bao.

"Gurnam! Gurnam!" watu wakaimba. Hakuna aliyetaja pasi. Na Khatib, pamoja na yote, akahisi wivu ukimng'ata kama siafu aliyeingia ndani ya soksi. Aliuacha ukae mle mle, akacheza.

Zilipobaki dakika kumi, timu yao ikiongoza mbili kwa moja na manyunyu yakianza, goti likatoa mlio. Hakungoja kuambiwa. Akainua mkono mwenyewe, akatoka, mwingine akaingia. Jokha alikuwa amemgeuzia kreti la maziwa kando ya mstari, na juu yake katandika shali lake.

Gurnam akageuka kutoka katikati. "Kaa, mzee!"

"Ya Kisumu au ya Unguja?"

"Leo ya Unguja!"

Khatib akakaa kitako. Jokha akampa sahani ya machungwa yaliyobaki tangu mapumziko. Alichagua kipande kikubwa, akakiweka kando kwa ajili ya kijana. Akakitazama. Akakirudisha, akachukua kidogo zaidi. Kisha akashusha pumzi, akakitoa tena kile kikubwa, akakifunika kwa kiganja chake kisipate mvua.