Chai Inapoa

Asubuhi hiyo, kabla hata hajafunua birika, mjane wa fundi saa alibonyeza simu pale alipozoea kubonyeza, na badala ya sauti akakutana na maandishi: Umezuiwa. Mwenendo wako unafanana na wa mashine.

Akaipangusa simu kwa upindo wa gauni. Maandishi yakabaki palepale, yamemkodolea macho.

"Mwanangu, hebu njoo unisomee," akamwita mkwewe, mke wa kitinda mimba wake, aliyekuwa akikung'uta shuka uani. "Isije ikawa ni hii miwani."

Mkwe akasoma, akabana kicheko. "Mama, wanasema wewe ni mashine."

"Mimi? Na magoti haya?"

"Tovuti ya redio ina mlinzi, lakini si mtu. Yeye kazi yake kuhesabu tu. Kwani kwa siku unaifungua mara ngapi?"

Mama akachezea kifuniko cha birika.

Anachokifungua, mkwe alikijua. Redio ile iliwahi kuja kumhoji fundi saa kazini kwake, chumba cha mbele cha nyumba hii hii, na mazungumzo yale mafupi yakawekwa kwenye tovuti. Fundi alieleza habari za springi na vijino vya magurudumu, koo likimkereketa. Asichokijua mkwe ni kwamba mama hakuwa na haja na springi. Alikuwa akingojea pale karibu na mwisho, ambapo sauti yake mwenyewe inatokea mbali, jikoni: "Baba, chai inapoa." Na fundi anaitika, bila shaka macho yako kwenye saa ya watu, "Nakuja."

Basi, ni hilo tu. Kurudisha nyuma hakujui, kwa hiyo alikuwa akifunga na kufungua upya, anazipitia springi zote tena mpaka aifikie ile nakuja.

"Tuwaandikie," mkwe akasema. "Hapa chini wanauliza, ulikuwa ukifanya nini ulipozuiwa. Niseme nini?"

Mama akakitazama kikombe cha pili mezani, kile kisichotumiwa na mtu lakini kila siku kinaoshwa. Haya ikamshika kama msichana.

"Andika nilikuwa namwita mume wangu, aje anywe chai."

Mkwe akainua uso. Akaandika vilevile.

Jioni jibu likaja, na lilitoka kwa mtu, maana lilianza na shikamoo. Mlango tumeufungua, lilisema. Nami nimesikiliza mpaka mwisho, mama, nikakukatia kipande chenyewe. Kikae ndani ya simu yako, huko mlinzi wetu hafiki.

Mama akabonyeza. "Nakuja." Akamimina chai, vikombe viwili. Akabonyeza tena.

"Mama, itapoa hiyo," mkwe akasema taratibu.

"Si amesema anakuja," mama akajibu, kidole kikirudi palepale.